Tone la Evaristo Mhapa

1

Jumatano ile ukungu ulichelewa. Kwa kawaida hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kutoka kwenye mabomba yaliyotandazwa kando ya miteremko ya chai, na ikifika saa moja Mafinga nzima imezama humo, watu wanapishana barabarani kama wanaoota. Bila ukungu huo chai ingekauka zamani. Na sisi wenyewe tumeuzoea, kiasi kwamba ukikosekana tunaona haya kama tuliotoka bila nguo. Nilikuwa dirishani nikimlaani fundi wa mabomba kimoyomoyo, nikamwona mtu anakuja Nyumba ya Matone katikati ya barabara, peupe kabisa: mwanamke mfupi, mkakamavu, viatu vya mpira miguuni, bahasha mkononi. Fundi wa mabomba alikuwa anakuja kwangu.

"Shikamoo, mama. Naitwa Melania Mhapa," alisema. "Nimefuata tone la baba."

Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha kifo na kibali cha kusikia mara ya tatu. Kibali hicho mtu hupewa kimoja tu maishani, na wengi hufa nacho kabatini kwa kushindwa kuamua. Yeye alikuwa ameamua. Jumamosi, aliniambia, atafikisha umri uleule aliokufa nao baba yake, miaka thelathini na minne na siku kumi na mbili. Jumapili atakuwa mkubwa kuliko yeye. Hakutaka kumpita akiwa hana kitu chake ndani yake. Alisema hayo bila kulia, kwa sauti ya mtu anayeagiza vipuri.

Nilivuta droo ya M. Tone lilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, ukubwa wa njugu mawe. Nililiweka juu ya kitambaa, maana joto la kiganja ndilo linalolifungua, na yeye akaliinamia akalitazama bila kuligusa. Alikwisha kulisikia mara mbili, ya kwanza akiwa na miaka kumi na sita, ya pili wiki aliyomzika mama yake, Gaudensia. Tangu hapo alikuwa akiitunza hii ya tatu kama mtu anayetunza sahani ya harusi.

Utomvu wa matone yetu ni wa paina hizihizi zinazotuzunguka. Unachanganywa na chumvi fulani ambayo wataalamu waliigundua wakitafuta kitu kingine kabisa, kisha unamiminwa kibakulini ungali wa moto. Watu wawili huingia kibandani. Mmoja anauliza, mwingine anashika kibakuli kwa mikono miwili na kusimulia maisha yake, dakika arobaini. Anapokumbuka kweli, mapigo ya mwili wake hupita vidoleni na utomvu unaganda. Akitunga, unabaki majimaji, na mtunzaji anakwenda kuumwaga nje bila kumsema mtu. Ndiyo maana wakubwa hawakupenda kuja kwetu. Waliokuja ni wauza maandazi, madereva wa malori, wakunga, mtu aliyewahi kupotea msituni siku mbili akala uyoga. Droo zetu zimejaa hao.

Ukilishika tone mara ya kwanza, unasikia mazungumzo. Mara ya pili unaona. Mara ya tatu linakaa. Linahamia kwako, unalikumbuka kama jambo lililokupata wewe, na hakuna dawa ya kulitoa. Hilo hatukulijua mwanzoni. Tulilijua watu walipoanza kugombana, wanawake wawili wakidai kumzaa mtoto mmoja, wanaume watatu wote wameumwa na nyoka yuleyule. Ndipo ikatungwa sheria: mara ya tatu ni kwa kibali, na kwa tone la msimulizi aliyekwisha kufa tu.

Mimi niliiwahi sheria. Marehemu mume wangu, Filbert, nilimsikiliza mara tisa. Mpaka leo nakumbuka kunyoa ndevu: baridi ya wembe shavuni, kioo kimetundikwa kwenye mpera, kuku wananizunguka miguuni. Kuna asubuhi najishika kidevu kabla sijajua ninachokitafuta. Nacheka peke yangu, kisha nakwenda kazini.

Nilimwambia Melania aje Jumamosi saa tatu, na kwamba kabla ya hapo mtunzaji, yaani mimi, anapaswa kulionja tone mara mbili ahakikishe halina ufa. Akauliza kama anaruhusiwa kuja na koti la baba yake. Nikamwambia aje nalo. Alipotoka, nusu saa baadaye, ukungu ukaanza kushuka.

2

Alhamisi nilifunga pazia, nikakaa, nikalichukua tone kiganjani.

Mara ya kwanza nilisikia sauti mbili. Ya mwanamke iliomba, "Baba Melania, nieleze siku ile ya mvua." Ya mwanaume ilikohoa, ikacheka kidogo, ikaanza. Ilikuwa sauti nzito isiyo na haraka. Nilipumzika kidogo, nikalishika tena, na safari hii nikaingia mvuani.

Ilikuwa mvua ya zamani, ile iliyokuwa ikinyesha siku tatu bila kumwuliza mtu. Sijaiona miaka ishirini sasa. Natembea kwenye tope jekundu na paina zimesimama pande zote mbili, nuru imekuwa ya kijani, niko kama chini ya maji. Mgongoni nimefunga mtoto kwa kitenge cha mama yake. Anachemka. Pumzi yake inanigonga shingoni, fupifupi, na kila ninapohesabu mbili bila ya tatu kuja, miguu inaongeza mwendo yenyewe. Siogopi tope wala mto uliofurika. Naogopa kimya cha mgongoni. Basi nasema, kwa sauti ya mzaha, ili mtoto asijue ninavyoogopa:

"Tulia, Mhehe wangu. Tumekaribia."

Naye anajibu, "Bado."

Naendelea. Tumekaribia, Mhehe wangu. Bado. Maji yananiingia viatuni, yanatoka, yanaingia tena. Tumekaribia. Bado. Hatujui tumetembea saa ngapi, mimi na yeye tumekuwa mnyama mmoja mwenye vichwa viwili, na mnyama huyo anazungumza peke yake msituni. Kisha taa ya zahanati inaonekana, ya njano, ikielea kwenye mvua. Nainamisha kichwa kupita mlangoni, na nyuma yangu sauti ndogo inasema, "Sasa."

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelowa machozi mpaka kwenye kola. Nimeonja matone zaidi ya elfu mbili, na mapenzi ya watu nimeyaonja ya kila aina, ya kujisifu, ya kulaumu, ya kulipiza. Haya yalikuwa mapenzi yaliyonyooka kabisa. Nilimwonea Melania wivu, nasema kweli.

Nikaenda kuchemsha chai. Maji yalikuwa hayajachemka nikajikuta najikuna kwapani, kulia na kushoto, na nikajua kwamba si mimi ninayewashwa. Tone hunasa pia mwili wa msimulizi pale kibandani, kidogokidogo: njaa yake, kiatu kinachomwuma. Aliyesimulia hapa alikuwa amevaa koti linalombana makwapa, na mikono ya koti inaishia juu ya vifundo. Nilitoa faili. Ndani mna picha ya Evaristo Mhapa, mgema utomvu, amesimama kando ya mti aliouchanja. Ni mfupi kama binti yake. Koti limemfika karibu na magoti.

Nao ule mlango wa zahanati naujua, bado upo. Evaristo angepita pale na ndoo kichwani. Kwa nini ainame?

Kisha nikalirudia lile neno. Mimi ni Mhehe, baba yangu alikuwa Mhehe, na hakuna siku aliyoniita Mhehe wangu. Baba hamwiti mwanawe hivyo. Anayetuita hivyo ni mtani wetu, Mngoni.

Nikakiweka cheti cha kifo kando ya faili. Evaristo aliangukiwa na mti tarehe tisa Aprili. Tone lilirekodiwa tarehe kumi na nne Aprili, mwaka uleule, mwandiko wa mzee Lulandala aliyenitangulia kazi hii, mtu makini mpaka anaudhi. Huyo hakukosea tarehe. Aliiandika, akalifunga faili, akanyamaza mpaka akafa. Chai yangu ilichemka ikamwagika.

3

Mzee Kletus Gama ana kitalu cha miche ya parachichi nyuma ya kiwanda cha zamani cha mbao. Enzi zake alikuwa mpasua mbao hapohapo, na ni mrefu, hata uzee haujamkunja sana, ila goti moja. Wangoni na Wahehe wamekuwa watani tangu mababu zao walipochoka kupigana, na yeye ndiye mtani wa Mafinga nzima. Hakuna msiba wa Mhehe aliowahi kuukosa.

"Bado hujafa, Mngoni?" nilimsalimia, kama tunavyosalimiana siku zote.

"Namngoja Mhehe mmoja atangulie," alisema, na akaendelea kumwagilia.

Nikamwambia nimetoka kwenye mvua. Nikamwambia nimebeba mtoto, na koti limenibana makwapani. Akaiweka ndoo chini taratibu, akaipangusa mikono kwenye suruali, akatafuta mahali pa kukaa.

Alinieleza yote bila kunitazama. Msiba wa Evaristo ulikuwa mzito, kijana wa watu, mti umemlalia, hata mwili haukufunuliwa. Siku ya tano, watu wakiwa wamechoka kulia, yeye akafanya kazi ya mtani. Alilichukua koti la marehemu, akalivaa likiwa linampasukia mabegani, akatembea kama Evaristo, hatua fupi fupi, kifua mbele. Akaingia jikoni akauliza kwa sauti ya Evaristo kwa nini ugali wake umepoa, mtu hawezi kuondoka siku tano tu mke akasahau kupika. Watu walicheka mpaka wakaanguka. Hata mjane alicheka.

Melania alikuwa na miaka minne, na tangu mwili uletwe alikuwa hajatamka neno. Alitoka katikati ya miguu ya watu, akalikumbatia goti la aliyevaa lile koti, akasema, "Baba." Kicheko chote kikakatika.

Gaudensia alimfuata nje. Akamwomba kitu. Evaristo alikuwa akikikwepa kibanda siku zote, anasema atasimulia akizeeka, na sasa mtoto hatakuwa na hata sauti yake. Twende, alimwambia, nitauliza mimi kama mke, nawe ujibu kama yeye. Mngoni akadhani utomvu utakataa na mambo yataishia hapo, na mjane atakuwa ameridhika kwamba amejaribu. Wakaenda na koti lilelile. Mzee Lulandala, aliyekuwa ametoka kula kwenye msiba huohuo, aliwafungulia mlango bila kusema lolote.

"Na utomvu ukaganda," nilisema.

"Ukaganda kama jiwe. Nilikuwa situngi. Siku ile ya mvua Evaristo alikuwa kambi ya mbali, mto umejaa, haupitiki. Gaudensia alikuja kunigongea mimi. Oresta, mtoto nilimbeba mimi. Kila nililosema lilikuwa kweli isipokuwa mwenye kulisema."

Siku zile hakuna aliyejua kwamba tone linaweza kukaa ndani ya mtu. Walidhani wamemwachia mtoto sauti, kitu cha kushika akiwa mpweke. Kletus hakuoa. Akabaki mtani: akimwita Melania Mhehe wangu kila wanapokutana, akimtania kwamba alivyo mfupi anafaa kufungia mlango, akila sikukuu zote kwake kwa mabavu ya utani, na hakuwahi kusema.

Nikamwambia ilivyo. Jumamosi likimkaa, atakuwa na baba ambaye si baba yake, mpaka kufa. Na sheria hairuhusu, kwa sababu msimulizi yu hai, yuko mbele yangu na matope magotini.

"Basi niandike nimekufa," alisema. Tulicheka wote wawili, kwa bahati mbaya. Kisha akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Miaka thelathini nimekuwa mtani wake, imenitosha. Usimzikishe baba yake mara ya pili kwa ajili yangu."

Sikumwahidi kitu. Niliondoka kitaluni na mche wa parachichi ambao sikuuomba.

4

Ijumaa nilipanda mteremko kumtafuta Melania, na sikuwa nimeamua. Napenda hilo lijulikane, kwa sababu baadaye watu walinisifu na wengine wakanitukana, na wote walidhani nilikuwa na msimamo.

Njiani nilihesabu waliotaka ninyamaze. Gaudensia, ambaye aliliomba jambo lenyewe kwa uchungu wake. Lulandala, aliyekuwa bora kuliko mimi kazini. Kletus, mwenye tone. Hata utomvu ulikubali, na utomvu haujawahi kumwonea mtu huruma. Kwa upande mwingine nilikuwepo mimi, na sheria, na sheria peke yake isingenipandisha mlima ule na magoti haya. Kumnyima mtu baba wakati amebakiza siku moja, kwa sababu ya koti lililobana. Nani anafanya hivyo?

Lakini nilikuwa na zile ndevu. Nazipenda kwa sababu najua ni za Filbert. Nikijishika kidevu namshika yeye. Nikawaza: siku moja mtu mwenye heshima zake aje aniambie zile ndevu hazikuwa za mume wangu, zilikuwa za jirani, na kwamba yeye alijua tangu mwanzo akaona ninyamaziwe nifurahi. Huyo ningempiga kofi. Kisha ningemwuliza ni jirani yupi, maana ningetaka kumtazama vizuri kabla hajafa. Nilipofika kwenye wazo hilo nikasikia koki ikizungushwa mbele yangu, na Melania akaniambia niangalie bomba nisijikwae.

Sikumwona uso. Ukungu ulikuwa mzito, nilikuwa naona viatu vya mpira na ncha ya spana. Labda ndio ulionisaidia. Nilimweleza kwa mfuatano, koti, mlango, tarehe, msiba, na nikamtaja Kletus Gama kwa jina lake lote. Niliongea na weupe mtupu, na weupe haukunikatiza. Nilipomaliza nilisikia matone ya maji yakidondoka kwenye majani ya chai.

"Mama alijua?" aliuliza.

"Ndiye aliyeomba."

"Na mzee Gama ananitania kila Pasaka kwenye meza yangu."

"Ndiyo."

Nilisikia koki ikizungushwa, mara moja, mara mbili, mpaka mwisho, na ukungu ukamwagika kutoka bombani kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona, viatu vikapotea, na mikono yangu mwenyewe ikapotea. Hatua zake zilikwenda zikififia. Nilibaki nimesimama sijui juu wala chini. Nilihisi nimefanya ukatili, na sikuweza hata kuona njia ya kwenda kuomba radhi. Mwishowe mashine ya kuchuma chai ilipita karibu, taratibu, nikaifuata taa yake ya nyuma mpaka barabarani.

5

Jumamosi Kletus alifika kabla yangu. Nilimkuta amekaa kwenye benchi la nje, shati limepigwa pasi, kofia magotini. Nilimwambia nimeshasema. Akaitikia kwa kichwa, hakunilaumu, akauliza tu kama Melania alilia. Nikamwambia sikuweza kuona.

Tuliingia ndani tukakaa. Nililiweka tone mezani kwenye kitambaa chake. Saa tatu ikapita. Saa tatu na nusu Kletus akasema anaona miche itakuwa na kiu, lakini hakuinuka. Ukungu ulikuwa umebana dirishani, na chumba kizima kilikuwa na nuru ya maziwa. Nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba kibali kile nitakirudisha ofisini bila kutumika.

Ndipo mlango ukafunguliwa.

Melania alikuwa amevaa koti la baba yake, na lilimkaa sawasawa, mabega mpaka mikono. Kitu fulani kilikuwa kimefungwa mgongoni kwa kitenge, nadhani ulikuwa mto wa kulalia. Alitembea hatua ndefu, za pole pole, za mtu mrefu mwenye goti bovu, na mkono mmoja ameupeleka nyuma kushikilia mzigo. Mlango wetu ni wa juu, hata Kletus hupita wima. Yeye, mfupi vile, aliinamisha kichwa chini sana kuupita. Alikuwa Kletus Gama mtupu. Nimeona watani wengi wakiigiza marehemu na sijaona aliyempata mtu vile, tena mtu mwenyewe yu hai, amekaa pale, kofia inamwanguka.

Akaja mpaka mbele yake. Akaugeuza uso pembeni kidogo, kama anayezungumza na aliye mgongoni.

"Tulia, Mhehe wangu," alisema kwa sauti nzito. "Tumekaribia."

Mzee alifungua mdomo mara mbili. Alizoea kuwa yeye ndiye anayewaliza watu na kuwachekesha, na sasa hakujua aanzie wapi.

"Bado," alisema.

Melania akakaa chini, palepale sakafuni, na koti lake na mto wake, akaegemeza kichwa kwenye lile goti bovu. Nikageuka kutazama droo. Nilikuwa nalia na sikuona sababu ya kuwashirikisha.

Walipotulia alitueleza, akijipangusa kwa mkono wa koti. Siku zote alikuwa na kumbukumbu ndogo ambayo haikutoka kwenye tone. Ilikuwa yake mwenyewe, ya upande wake: shavu lake limelala kwenye shingo iliyolowa, na shingo inanuka maranda. Mama yake alimwambia baba alinuka utomvu, kila mgema hunuka utomvu. Basi akaamini kwamba kichwa chake kibovu, akawa anaisukuma ile harufu pembeni ili baba apate nafasi. Jana usiku aliiacha irudi. Alisema imerudi yote, pamoja na tope.

"Baba sina," alisema. "Nina koti. Hilo ni lake kweli na limenitosha. Mama Oresta, badilisha jina kwenye faili."

Kletus akamshika bega. Akaanza kumweleza haraka haraka, kama mtu anayemzuia mwenzake asiuze shamba, kwamba aliache jina lilivyo, kibali ni kimoja, siku ndiyo leo. Jina likibadilika, msimulizi anakuwa mtu aliye hai, na sheria inafunga. Hatalisikia tena.

"Mpaka ufe," Melania alisema. "Najua. Nimeisoma."

Ili jina libadilike, msimulizi wa kweli lazima alishike tone mwenyewe. Nilimsogezea. Mzee alilichukua kwa vidole viwili, na mimi niliyefanya kazi hii miaka ishirini na sita nilikuwa bado sijaliona hili kwa macho: utomvu uliomjua mwenyewe. Tone lililokuwa gumu kwa miaka thelathini lililegea taratibu vidoleni mwake, likawa laini kama ngozi ya juu ya uji, na alama ya dole gumba lake ikabaki juu yake. Nikaandika: Kletus Gama. Mahali pa kuandika uhusiano na msikilizaji, nilisita, nikamtazama Melania.

"Mtani," alisema. "Andika mtani."

Nikalirudisha tone droo ya G. Nikakipiga kibali muhuri wa kuahirishwa, ambao haujawahi kutumika ofisini kwetu mpaka wino wake ulikuwa umekauka, ikabidi niutemee mate.

"Kwa hiyo kuanzia leo una sababu ya kunitakia kifo," Kletus alimwambia, akiokota kofia.

"Kila siku nitapita kuangalia."

Naye hupita. Kitalu kipo njiani kwake kwenda kwenye mabomba, na watu wa Mafinga hunung'unika kwamba siku hizi ukungu unachelewa, si sana, dakika kumi hivi. Mimi silalamiki tena. Nakaa dirishani na chai yangu, najishika kidevu, natazama barabara ikiwa peupe. Kule chini yule fundi amesimama kwenye ua wa kitalu na viatu vyake vya mpira, koti limefungwa vifungo vyote, anaita juu ya miche ya parachichi.

"Mngoni, umekufa?"

"Bado."

Ndipo anakwenda kufungulia.